Kaseti ya Mama na Sauti Niliyoifuta

Nilikuwa na umri wa miaka 17 nilipoifuta sauti ya Nazia Hassan. Ilikuwa mwaka 2005, nami nimerudi nyumbani Tanga kwa likizo yangu ya kwanza kutoka chuo cha Kiislamu, nikiwa na kanzu mbili, vitabu vinne, na uhakika wa mambo ambao sijapata kuwa nao tena. Rafiki yangu alikuwa ameniazima kaseti ya mawaidha ya shehe tuliyempenda sote pale chuoni, kwa sharti la kuirudisha baada ya siku mbili. Nilitaka nakala, na fedha ya kununulia kaseti tupu sikuwa nayo.

Kabatini mwa mama palikuwa na kaseti moja aliyoihifadhi ndani ya kitambaa, pamoja na cheti chake cha ushoni. Jalada lake lilikwisha kufifia. Aliyeonekana juu yake ni msichana mwenye nywele ndefu na mvulana kando yake. Wasomaji waliozikuta kaseti watakumbuka kwamba mgongoni mwake huwa na vijipande viwili vya plastiki, na kwamba ukivivunja, mashine haikubali kurekodi juu ya kilichomo. Mama alikuwa amevivunja. Alitaka kilichomo kibaki. Nami nikachukua karatasi ya gundi, nikaziba vile vishimo viwili, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikakaa kando ya redio nikijiona ninafanya kazi ya Mwenyezi Mungu.

Mama aliporudi nilimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Umefanya vyema mwanangu, mawaidha yana baraka." Tangu siku ile, kila Jumapili alipokuwa akishona, aliyasikiliza mawaidha yale mwanzo hadi mwisho. Niliporudi chuoni niliwahadithia wenzangu jinsi mama yangu alivyoacha upuuzi na kushika mawaidha. Nilihadithia kwa fahari.

Nimekumbuka kisa hiki mwezi uliopita nikiwa kikaoni. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti wetu, na kazi ya katibu ni kuandika yanayosemwa, yakimpendeza au yasimpendeze. Siku hiyo tulijadili habari ya binti mmoja wa madrasa yetu, mwenye miaka 14, msomaji mzuri wa Qur'ani na kiongozi wa qaswida katika Maulidi. Aliimba wimbo wa kidunia katika harusi ya ndugu yake, ndani, mbele ya wanawake watupu. Mtu akamrekodi kwa simu, akaisambaza. Ikatolewa hoja kwamba binti aondolewe madrasani. Mjumbe mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akasema kwa utulivu kabisa kwamba mwisho wa wanawake waimbaji unajulikana.

Niliyaandika maneno hayo katika muhtasari, kisha mkono ukasimama. Je, kweli unajulikana? Mwimbaji mmoja tu ndiye ninayejua mwisho wake vizuri, na ninaujua kwa sababu ya deni langu kwa mama. Naomba ukurasa huu wa familia uniruhusu nimweleze.

Nazia Hassan alizaliwa Karachi, Pakistan, tarehe 3 Aprili 1965, katika nyumba ya Waislamu wenye nafasi. Baba alikuwa mfanyabiashara, mama akijishughulisha na huduma za jamii, na maisha ya watoto yalikuwa ya kwenda na kurudi kati ya Karachi na London. Nazia na mdogo wake Zoheb walikwisha kuonekana tangu wadogo katika vipindi vya watoto vya televisheni ya Pakistan, wakiimba kama watoto waimbavyo. Hakuna aliyewaandalia kazi ya usanii. Walikuwa watoto wa shule.

Kisha katika hafla moja mjini London, Feroz Khan, mwigizaji na mtengenezaji wa filamu kutoka India, akamsikia. Alikuwa akitengeneza filamu iitwayo Qurbani, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, maana ni kurubani hiyo hiyo yetu. Alimpeleka msichana huyu kwa Biddu, mzaliwa wa Bangalore aliyehamia Uingereza na kujipatia jina kwa muziki wa disko. Yeye ndiye aliyesimamia ule wimbo wa Carl Douglas wa mwaka 1974 uliovuma dunia nzima kwa ajili ya mchezo wa kung fu. Nazia akaingia studio akiwa katika umri ambao watoto wetu wanasoma kidato cha pili au cha tatu. Wimbo aliourekodi ni Aap Jaisa Koi.

Inafaa kueleza kidogo jinsi filamu za Kihindi zilivyofanya kazi, kwa sababu vijana wengi hawajui. Mwigizaji anayeonekana akiimba mara nyingi siye anayeimba. Hufumba na kufumbua kinywa tu, na sauti ni ya mwingine aliyekaa nyuma ya pazia. Katika Qurbani, iliyotoka mwaka 1980, anayeonekana ni Zeenat Aman. Anayesikika ni Nazia. Sauti za wanawake katika filamu hizo kwa miaka mingi zilikuwa za Lata Mangeshkar na dada yake Asha Bhosle, sauti zilizofunzwa kwa kanuni za muziki wa Kihindi tangu utotoni. Ya Nazia haikufunzwa hivyo. Ilikuwa nyembamba, ya puani kidogo, isiyo na madoido, sauti ya msichana wa jirani anayeimba huku akianika nguo. Watu wakaipenda kwa sababu hiyo. Mwaka 1981 akapewa tuzo ya Filmfare ya mwimbaji bora wa kike akiwa msichana wa miaka 15, na hapakuwa na aliyewahi kuipata akiwa mdogo kuliko yeye.

Mama yangu alimjua hapo. Tanga ya wakati ule ilikuwa na majumba ya sinema, na picha za Kihindi zilikuwa na siku zake. Mama anasema wanawake na wasichana walikwenda kwa makundi, mabuibui yamejaa ukumbi mzima, na waliporudi walishona nguo kwa mitindo waliyoiona. Yeye na Nazia ni marika, wamepishana miezi tu. Aliposikia kwamba sauti ile si ya Zeenat bali ya mtoto wa Kiislamu wa umri wake, anasema, alihisi kama ameambiwa siri. Mwaka 1981 Nazia na Zoheb, chini ya Biddu yule yule, wakatoa albamu yao ya kwanza, Disco Deewane, maana yake walioshikwa na wazimu wa disko. Haikuwa na filamu nyuma yake. Katika Bara Hindi wimbo usio na filamu ulikuwa kama mtoto asiye na mlezi, na huyu alisimama mwenyewe na kuuzika kwa wingi. Mama aliinunua kaseti yake kwa fedha ya ujira wake wa kwanza wa kushona, katika duka la Mhindi lililouza vitambaa na kanda pamoja. Sikuyajua haya nilipokuwa ninaziba vile vishimo.

Zikafuata kazi nyingine: Star mwaka 1982, iliyoambatana na filamu, na Young Tarang mwaka 1984. Lakini nyumbani kwao hali haikuwa nyepesi. Pakistan ilikuwa chini ya Jenerali Zia ul-Haq, aliyetwaa madaraka mwaka 1977 na kutangaza kuirudisha nchi katika Uislamu. Wanawake waliosoma habari katika televisheni waliamriwa kufunika vichwa. Nazia na kaka mtu walipoonyeshwa wakiimba, kamera ililazimika kuwaonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu, ili miguu isionekane ikicheza. Nilicheka niliposoma habari hiyo, kisha nikaacha kucheka, maana nilijikumbuka na karatasi yangu ya gundi. Jenerali alikata miguu, mimi nikakata sauti.

Sitaki nieleweke vibaya na ndugu zangu. Suala la ala za muziki nimelisoma darasani na nje ya darasa. Najua walio wengi katika wanazuoni wamezuia, najua alivyosema Ibn Hazm aliyekwenda kinyume nao, najua Imam Ghazali alivyolichambua kwa upana. Sikuja kuufungua mlango huo hapa, na kwa upande wangu mwenyewe nimeshika msimamo wa waliozuia. Ninachozungumzia ni jambo dogo kuliko hilo, nalo ni kwamba nilikuwa nimemhukumu mtu nisiyemjua, nikamhukumu na mama yangu pamoja naye.

Zia alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 1988, na Benazir Bhutto akawa waziri mkuu mwishoni mwa mwaka ule. Mwaka uliofuata televisheni ya taifa ikawapa Nazia na Zoheb kipindi cha muziki, Music '89, kilichosimamiwa na Shoaib Mansoor. Vijana walikipenda. Vyama vya dini vikalalamika vikali. Sina nia ya kuingia katika ugomvi ule wa Wapakistani. Ila naona ajabu kwamba katika kelele zile zote, za waliomshangilia na waliomshutumu, hakuna aliyeonekana kujali alichokuwa akikifanya mchana.

Mchana alikuwa akisoma. Huyu hakuacha shule kwa ajili ya umaarufu. Alisoma London hadi akapata shahada ya sheria, na baadaye akaajiriwa katika Umoja wa Mataifa, New York. Na kabla ya hapo na baada yake alikuwa akiifanya ile kazi ya mama yake. Alisaidia kuanzisha jumuiya ya kupambana na dawa za kulevya, wakati heroini ilipokuwa ikiwateketeza vijana wa Karachi, na alichangisha fedha kwa ajili ya watoto maskini na vijana wasio na ajira, wakiwamo wa Lyari. Ndugu msomaji, Lyari ni mtaa wa zamani na wa kimaskini mjini Karachi, nao ndio makazi ya Masheedi wengi, Waislamu weusi ambao mababu zao walitoka pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, wengi wao wakivushwa bahari kama watumwa. Huenda miongoni mwa watoto waliofikiwa na mkono wake walikuwamo wajukuu wa watu wa Mrima. Mama nilipomwambia hivyo aliweka mkasi chini.

Albamu ya tano, Camera Camera, ilitoka mwaka 1992 na ikahusishwa na kampeni hiyo ya kupinga dawa za kulevya. Kabla haijatoka ndugu hawa wawili walitangaza kwamba ndiyo ya mwisho. Nazia alikuwa na miaka 27. Hakufukuzwa, hakuchokwa, aliondoka mwenyewe, akaenda kufanya kazi nyingine. Sisi tunaohubiri toba na mabadiliko tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo, lakini mtu akishapewa jina la mwimbaji kwetu hubaki nalo hadi kaburini, hata akae miaka minane bila kuimba.

Aliolewa Karachi mwaka 1995, akajaaliwa mtoto wa kiume mwaka 1997. Kuhusu ndoa hiyo maneno ni mengi, na wahusika wamepingana hadharani tangu alipofariki. Katibu wa kamati ya msikiti hupatanisha wanandoa mara nyingi kiasi cha kujua kwamba aliye nje ya mlango husikia nusu ya neno, kwa hiyo naliacha hapo. Lisilo na ubishi ni kwamba aliugua saratani ya mapafu, akatibiwa kwa muda mrefu, na akafariki London tarehe 13 Agosti 2000, siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru wa nchi yake. Alikuwa na miaka 35. Mtoto wake alikuwa na miaka mitatu. Amezikwa katika makaburi ya Hendon, upande wa Waislamu. Mwaka 2002 serikali ya Pakistan ikamtunuku nishani, na aliyekwenda kuipokea ni mama yake. Mwaka uliofuata wazazi wake wakaanzisha taasisi kwa jina lake ili kazi zake za hisani zisikatike.

Basi huo ndio mwisho wa mwanamke mwimbaji mmoja: hospitali, mtoto mdogo, sanda, na wazee wawili wanaoendeleza sadaka ya binti yao. Mja mwema na mja mwovu wote huweza kupita njia hiyo, na aliye nani kati yao Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Mimi nilikuwa ninadai kujua.

Na nilidai muda mrefu. Aliponizindua mama ilikuwa mwaka 2013, harusini. Wahindi walikuwa wameutoa upya ule wimbo wa Disco Deewane katika filamu ya mwaka uliotangulia, na kijana wa jirani akaupiga kwa spika kubwa wakati sisi tukigawa chakula uani. Mama akasimama na sahani mkononi.

"Huyu ni Nazia," akasema. "Wamemchafulia wimbo wake."

"Nazia gani, mama?"

"Yule wa kwenye kaseti yangu. Amekwisha kufa, maskini. Allah amrehemu."

Nikamwomba radhi hapo hapo, kati ya masufuria. Nikamwambia nilidhani yale mawaidha yalimpendeza, maana aliyasikiliza kila Jumapili hadi mwisho. Mama akacheka, akatazama pembeni. "Yalinipendeza, mwanangu. Shehe wako alisema vizuri. Lakini alimaliza mapema. Ukingoja akimaliza dua, zimebaki dakika tatu hivi ambazo hukuzifuta."

Miaka minane mama alikuwa akisikiliza mawaidha ya nusu saa ili azifikie dakika tatu za ujana wake. Wala hakuwahi kunilaumu, wala hakuwahi kuisogeza kanda mbele kwa kitufe. Nilimuuliza kwa nini hakuisogeza. Akasema ingekuwa adabu mbaya kumkatiza shehe.

Kaseti bado ipo. Utepe ulikatika mwaka juzi, nikaupeleka kwa fundi mzee wa redio karibu na stendi, akauunga kwa wembe na gundi, akakataa malipo. Niliizungusha mtandaoni nikampatia mama albamu nzima katika simu, sauti safi, kila wimbo. Anashukuru, lakini simu anaiacha mezani na redio ndiyo anayoiwasha.

Nirudi kikaoni. Hoja ya kumwondoa yule binti haikupigiwa kura siku ile. Muda wa Isha ulifika, mwenyekiti akaahirisha. Kabla hatujatawanyika niliuliza kama kuna aliyezungumza na mama yake mtoto. Hakuna. Nikauliza kama kuna aliyemtafuta mtu aliyerekodi wanawake ndani ya nyumba ya watu na kuwaanika nje, maana hilo nalo lina hukumu yake. Kimya. Niliandika maswali yote mawili katika muhtasari, chini ya maneno ya yule mzee kuhusu mwisho wa waimbaji. Maneno yake sikuyagusa. Nimekwisha kufuta vya kutosha.

Nilikwenda mwenyewe kwa mama wa binti, nikiwa na mke wangu. Tulimkuta mtoto amejifungia chumbani, amekataa kwenda madrasani wala shule, na juzuu aliyokuwa akiihifadhi ameiacha katikati. Mama mtu aliniuliza jambo moja tu: kama kamati imekwisha kuamua, aambiwe mapema, ili amtafutie mtoto mahali pengine pa kusomea kabla hajasahau alichokwisha kuhifadhi. Nilimwambia hatujaamua.

Kikao kijacho ni Ijumaa hii baada ya Isha. Katika yatokanayo na kikao kilichopita nimejiwekea nafasi ya kuzungumza, na mwenyekiti amenipa dakika tano. Nimemwomba mke wangu ampitie yule mama kabla ya magharibi, aje naye, akae upande wa wanawake ambako sauti ya kikao inafika.